Kwa Nini Msomaji Huweka Kidole Chini ya Mstari

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye kiu akanywe maji arudi, maana habari hii haipendi kukatwakatwa. Mmeniuliza kwa nini mtu akisoma huweka kidole chini ya mstari, hata yule aliyekwisha kubobea, na kwa nini akifika mwisho wa ukurasa huinua macho akatazama mbali kana kwamba ameitwa. Nimewasikia wengine mnawacheka wazee wenu wakisoma hivyo. Chekeni, hakuna ubaya. Mkishacheka mnisikilize.

Kale, herufi zilipokuwa bado ngeni, fikra ya mtu haikujua kutoka. Jicho lilipokuwa, fikra nayo ilikuwa papo hapo. Aliyepepeta mchele alipepeta mchele, basi. Aliyefungua kitabu aliingia ndani yake akafunga mlango, hakutoka mpaka amemaliza. Hapakuwa na mtu aliyesoma ukurasa mzima halafu akajiuliza amesoma nini. Jambo hilo lingesikika kama kichaa, sawa na mtu kumaliza sahani ya wali kisha akauliza kama amekwisha kula.

Katika mji mmoja ulioitwa Malandi, mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, watu walikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kiliitwa Kitabu cha Waliotangulia. Kila aliyekufa aliandikiwa habari yake humo, mistari michache au mingi kadiri alivyoishi: alikuwa nani, alipenda nini, aliwachekesha watu kwa lipi. Karatasi za kila nyumba zilishonwa pamoja, na nyumba zilifuatana kitabuni kama zilivyofuatana mtaani. Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya mwaka wa wakulima, mji mzima ulikusanyika katika ukumbi wa nyumba kubwa, na kitabu kilisomwa kwa sauti tangu asubuhi mpaka kiishe. Msomaji alipomaliza habari ya marehemu mmoja, jamaa za marehemu waliitika, "Yupo!" Kisha msomaji aliendelea na mwingine.

Kulikuwa na masharti, na watu wa Malandi hawakuyachezea. Ukurasa uliokwisha kufunuliwa haukurudishwa, kwa sababu waliamini kwamba marehemu akisomwa huinuka, hupita mbele ya watu wake, kisha huketi akapumzika, na kumwita tena ni kumsumbua. Aliyerukwa hakuitikiwa. Asiyeitikiwa, jina lake halikutajwa na mtu yeyote mpaka Mwaka mwingine. Na akirukwa Mwaka wa pili, karatasi yake iling'olewa kitabuni ikazikwa, akawa kama hakuzaliwa. Najua mtasema hayo ni masharti ya ukali. Si mimi niliyeyaweka. Waliyaweka kwa sababu kwao msomaji kumruka mtu lilikuwa jambo lisilowezekana, na watu huwa wakali sana juu ya mambo wasiyotarajia yawafike.

Sharti la mwisho lilimhusu msomaji mwenyewe. Siku ya Mwaka kinywa chake kilikuwa cha kitabu. Alisoma, hakuitika.

Msomaji wa wakati huo alikuwa mwanamke aitwaye Somoe. Kazi aliirithi kwa mama yake, naye aliifanya vizuri, kwa sauti ya taratibu iliyofika mpaka kwa waliokaa mlangoni. Alikuwa mtoto wa pekee, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kuingia kitabuni. Mumewe, Lali, alikuwa mshona ngozi aliyetoka mji wa mbali asikoacha ndugu. Lali alishona kobasi, vile viatu vya wazi vya ngozi, na mikoba na ala za visu, na yeye ndiye aliyekuwa akikishona kitabu kila zilipoongezwa karatasi. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa wawili tu katika nyumba yao, na walitosheka. Mchana kila mtu alishika kazi yake, na jioni walikaa wakizungumza mpaka majirani wakajiuliza watu hawa wana maneno gani yasiyokwisha.

Masika moja homa ikamchukua Lali. Watu walikuja, walilia, waliosha vyombo, wakarudi makwao. Somoe akabaki. Alipika wali wa watu wawili kwa mazoea, akala wake, akautazama ule mwingine. Alifunga kibanda cha uani alimokuwa akishonea mumewe, akauweka ufunguo juu ya kizingiti cha mlango wa nyumba, hakuugusa tena. Hakulia sana. Watu wakamsifu kwa uvumilivu wake, na kusifiwa kule kulimfanya awe mpweke zaidi, kwa sababu sasa hakuwa na ruhusa ya kulia.

Mwaka ukafika. Somoe akavaa nguo safi, akaketi mbele ya marufaa, kile kibao cha kuwekea kitabu, akaanza. Alisoma nyumba baada ya nyumba, na jamaa wakaitika, wengine kwa kicheko, wengine kwa machozi. Mzee Chande, mkuu wa mji na mtunza kitabu, alikaa upande wake wa kulia akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hatimaye Somoe akaifikia nyumba yake mwenyewe. Akasoma habari ya baba yake, na jamaa zake wa mbali wakaitika. Akasoma ya mama yake, wakaitika pia. Kisha akafunua karatasi mpya.

"Lali, mshona ngozi," akasoma. "Alikuja Malandi akiwa na sindano na kobasi moja. Hakumwambia mtu kwamba kiatu chake hakishoneki. Alizungumza sana jioni."

Akanyamaza, kama kawaida, kungoja kuitikiwa.

Ukumbi ukawa kimya. Si kwamba watu hawakumpenda Lali. Nusu yao walikuwa wamevaa viatu alivyovishona. Lakini wazazi wa Somoe walikuwa wenyeji, na Lali alikuwa mgeni, na katika ukumbi ule kila mtu alingoja jamaa yake aitike. Jamaa yake alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameketi mbele ya marufaa na kinywa kisicho chake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halijawahi kutokea. Fikra ya Somoe iliinuka. Ilipita katikati ya watu waliokaa mikekani, ikatoka mlangoni, ikaenda kumtafuta Lali. Macho yakabaki, mkono ukabaki, mdomo ukabaki ukaendelea na kazi kama ulivyozoea. Mkono ukafunua ukurasa. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu, na fikra ambayo ingeuhisi unene wake haikuwapo.

Karatasi iliyofichwa katikati ilikuwa na mistari mitatu tu. Ilikuwa ya nyumba ya pili, iliyopakana na ya Somoe, nyumba ya bibi mmoja aitwaye Mwanamvua, na habari yake ilikuwa ya mtoto wake wa pekee, Kibwana, aliyekufa kabla hajaota meno ya pili. Mwanamvua alikuwa amekwisha kusogea mbele. Mkono ulikuwa kifuani na mdomo umeshafunguka tayari kwa neno lake moja la mwaka mzima. Akasikia linasomwa jina la mtu wa nyumba ya tatu.

Somoe alirudiwa na fikra yake aliposikia jamaa za nyumba ya tatu wakiitika kwa sauti za wasiwasi. Alimtazama Mwanamvua. Bibi yule alikuwa bado amefungua mdomo.

"Mzee," Somoe akamnong'oneza Mzee Chande, "nimemruka mtu."

"Nimeona," alisema Mzee Chande, na rangi ilikuwa imemtoka. "Endelea, binti. Ukurasa haurudi."

Somoe akaendelea mpaka mwisho. Alijisikia mchafu kila alipofungua kinywa.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mwanamvua. Alisimama sana mlangoni kabla ya kubisha.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita."

"Mama, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningejua la kukufanya." Bibi alimwekea kigoda. Kifua chake kilikuwa kikimbana, akawa anavuta pumzi kwa taabu. "Nieleze kitu kimoja. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale, mama. Mbele ya kitabu."

"Hukuwapo. Nilikuwa nakutazama usoni. Mdomo ulikuwapo, mwenyewe hukuwapo. Ulikuwa wapi?"

 Wakati ule hapakuwa hata na maneno ya kumjibu mtu swali kama hilo. Somoe akainamisha kichwa.

"Mimi umri umekwenda," Mwanamvua akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Somoe kuliko matusi. "Mwaka ujao nikiwapo, nataka nimwitikie mwanangu. Usimruke tena. Wakiing'oa ile karatasi, kitabaki nini chake? Nguo zake zimeliwa na mende zamani."

Ukuta uliotenga nyua zao mbili ulikuwa mfupi. Kwa miaka mingi Somoe alikuwa akiamka kwa sauti moja kutoka upande wa pili: mtama ukimwagwa chini, kuku wakikimbilia, na bibi akisema, "Haya, kuleni, Kibwana kawaletea." Mtoto alipokuwa hai kazi ya kuwalisha kuku ilikuwa yake, na mama yake hakupenda kumnyang'anya. Sasa jina lile lilikuwa limefungiwa. Kila asubuhi Somoe alisikia mtama ukimwagika, na kuku, na baada ya hapo hakusikia kitu. Alilala akiingoja sauti ile isiyokuja, na alijua ni yeye aliyeizima.

Akaapa kwamba hatamruka tena. Tatizo ni kwamba fikra ikishajua mlango huwezi kuiambia isahau. Somoe alitoa sandukuni kurasa kuukuu alizofundishiwa na mama yake, habari za mbegu na misimu, akawa anajizoeza kila siku. Hakumaliza hata ukurasa mmoja akiwa mzima. Alianza na kupanda kunde, na alipozinduka alijikuta amefika kwenye kuvuna mtama, na katikati hakujua amepita njia gani.

Basi akaikaripia. "Mshenzi wewe! Rudi hapa!" Ilirudi kwa hofu, ikakaa mstari mmoja, ikaondoka tena, na safari hii ikaenda mbali zaidi. Akafunga madirisha ili isione pa kutokea. Akatafuna tangawizi mpaka machozi yakamtoka. Akajifunga kamba kidole gumba, aikaze kila inapopotea, na kidole kikavimba kikawa hakifai hata kusonga ugali. Jirani aliyekuja kuomba moto alimkuta anaigombeza hewa, akaenda kuyasema hayo kisimani. Kadiri Somoe alivyoifokea ndivyo fikra ilivyochelewa kurudi. Na nyinyi mnaocheka, ni nani kati yenu amewahi kufokewa akapenda kukaa nyumbani?

Isitoshe, mambo hayakuishia kwake. Fikra za watu wengine ziliona mlango uko wazi, nazo zikaanza kutoka. Mwanamke alitia chumvi mara mbili, mwanamume akaingia nyumba ya jirani akadhani ni kwake, akavua viatu na kuulizia chakula. Mzee Chande mwenyewe alipatikana amesimama uwanjani, hakumbuki alikuwa anakwenda wapi. Wazee walikuwa wamepanga kumtafuta msomaji mwingine. Wakawajaribu waliojua kusoma, mmoja mmoja, na kila mmoja aliishia kutazama ukutani. Mzee Chande akarudi kwa Somoe.

"Binti, hatuna mwingine. Uliyeanza ndiye utakayejua namna ya kumaliza."

"Mzee, mimi mwenyewe sijui."

"Basi uijue kabla ya Mwaka," alisema mzee, akaondoka, na hatua chache mbele akasahau alikuwa na haraka gani.

Asubuhi moja Somoe alikuwa ameketi na kurasa zake, mtama umekwisha kumwagwa ng'ambo ya ukuta, na kimya kile kimepita. Fikra ikaondoka kama kawaida. Iliporudi hakuikaripia. Alikuwa amechoka mno kugombana. Alikumbuka swali la Mwanamvua, akaiuliza kwa sauti ile ile ya bibi.

"Ulikuwa wapi?"

Nayo, kwa kuwa iliulizwa kwa wema, ikajibu. Somoe aliisikia harufu ya ngozi mbichi na nta. Aliiona meza fupi, na mgongo wa mtu ameinama. Mwaka mzima alidhani fikra yake inazurura ovyo. Kumbe siku zote ilikuwa inakwenda mahali pamoja tu, inabisha mlango uliofungwa, haifunguliwi, inarudi.

Akanyoosha mkono juu ya kizingiti, akauchukua ufunguo, akaenda uani. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ndani kila kitu kilikuwa kilipoachwa, vumbi juu yake. Somoe akaketi kwenye kigoda cha mumewe, akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu masika yale, na hapakuwa na mtu wa kumsifu kwa uvumilivu. Alimtaka Lali. Hakutaka hekima wala pole, alimtaka Lali aingie na kobasi zake aanze kusimulia habari za mteja fulani zisizo na kichwa wala miguu.

Alipofuta macho aliuona mkoba uliokuwa mezani, kazi ya mwisho ya marehemu. Mshono ulikuwa umefika nusu. Sindano ilikuwa bado imesimama katika tundu la mwisho, na uzi wake.

Akamkumbuka basi. Lali hakuwa mtu wa kumaliza kazi kwa kikao kimoja. Alipoitwa kula alikwenda, akipita rafiki alitoka kumsalimu, mvua ikianza alisimama mlangoni kuitazama mpaka ikachoka. Somoe alikuwa akimgombeza: utapotea katika mshono wako, utashona tundu moja mara mbili. Naye alikuwa akijibu vilevile siku zote, "Sindano nimeiacha tunduni, mke wangu. Mimi nitakwenda nitakako, yenyewe inajua tulipo." Kisha alirudi, akaketi, akaishika sindano bila hata kutazama, akaendelea. Na hapakuwa na mshona ngozi aliyeshona kwa unyoofu kama yeye.

Somoe akaleta kurasa zake mle kibandani. Akaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma, na kidole kikawa kinasogea pamoja na macho. Fikra ilipoondoka, kidole kikasimama. Alikiacha palepale, hakusoma mbele hata neno moja, akangoja. Iliporudi hakuitolea ukali. Aligonga ukurasa polepole kwa kidole kile, mahali walipoachana.

"Karibu," akaiambia. "Tuko hapa."

Ikaingia. Wakaendelea. Ikatoka tena, akangoja tena, akaikaribisha tena. Wakafanya na mapatano, kwa sababu aliona si haki kuinyima kabisa kumtembelea mtu wake. Kila mwisho wa ukurasa Somoe angeinua macho, angetazama mbali, na hapo wangekwenda wote wawili kidogo, kisha warudi wafunue ukurasa. Kwa kuwa ilijua zamu yake inakuja, fikra ikaanza kuvumilia. Siku nyingine ilivumilia ukurasa mzima. Siku nyingine haikuvumilia hata mistari miwili, hasa mvua ikinyesha. Somoe hakuhesabu. Alimaliza kunde, akamaliza mtama, na safari hii alijua kila kilichopandwa katikati.

Mwaka ukafika. Ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana watu hupenda kuja kumtazama aliyekosea mara ya kwanza. Mwanamvua aliletwa na majirani wawili wakimshika mikono, akakalishwa ukutani, mto nyuma yake. Alikuwa amekonda sana. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Mwaka mwingine asingeuona.

Somoe akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Wengine wakatazamana. Mama mmoja akaguna na kusema msomaji siku hizi anasoma kama mtoto wa chuo anayeanza herufi. Somoe akasikia, akaendelea. Mwisho wa kila ukurasa aliinua macho, akatazama juu ya vichwa vyao, akarudi. Kusoma kulikuwa kwa polepole mno, na kahawa ikapoa.

Akaifikia nyumba yake. Baba, wakaitika. Mama, wakaitika. Akafunua.

"Lali, mshona ngozi. Alikuja Malandi akiwa na sindano na kobasi moja. Hakumwambia mtu kwamba kiatu chake hakishoneki. Alizungumza sana jioni."

Kimya. Kile kile cha mwaka uliopita, na watu wale wale wakitazama viatu vyao. Somoe akaihisi fikra yake inainuka. Hakuizuia. Kidole kilikuwa chini ya neno la mwisho, akakikandamiza pale, akaiacha iende.

Watu wakangoja. Mtu akakohoa. Mzee Chande akainama akanong'ona, "Binti, watu wanakutazama." Somoe hakusogeza hata ukucha. Ukutani Mwanamvua alikuwa amekishika kifua, akikitazama kidole kile, hapepesi. Kila aliyekuwa karibu naye alisikia anavyovuta pumzi. Ikawa kimya kirefu, kirefu cha kutia aibu, na bado msomaji hakufunua, kwa sababu alikuwa peke yake mbele ya kitabu na hakutaka kufunua akiwa peke yake.

Kisha fikra ikarudi. Aliihisi inaingia ikiwa na harufu ya nta. Akagonga ukurasa kwa kidole, polepole.

Akafunua. Unyevu wa mwaka ule ulikuwa kama wa mwaka uliopita, na karatasi zilikuwa zimegandana tena. Safari hii aliuhisi unene. Akazitenganisha kwa ukucha, taratibu, mpaka ile nyembamba ikaachia.

"Kibwana, mtoto wa Mwanamvua," akasoma. "Hakukaa sana. Kazi yake ilikuwa kuwalisha kuku. Akicheka alishikwa na kwikwi."

"Yupo!" Mwanamvua akaitika. Halikuwa neno la mgonjwa. Lilijaa ukumbi mzima, watu wakashtuka. Somoe alikuwa amekwisha kuinua mkono afunue mwingine, lakini bibi hakuwa amemaliza. Alijishika ukuta, akasimama mwenyewe, bila majirani.

"Na Lali yupo," akasema.

Mzee Chande akageuza uso. Lilikuwa jambo lisilo na mfano, kumwitikia marehemu aliyekwisha kupita, na mwitikaji si jamaa. Alitafuta sharti la kulikataza. Lililopo lilisema ukurasa haurudishwi, naye akaona kwamba ukurasa haukurudishwa. Akatazama viatu vyake mwenyewe, mshono wa Lali, akafumba macho.

"Yupo," akasema Mzee Chande.

Ndipo wakaitika wote, kwa fujo, kila mtu kwa wakati wake. Somoe hakuitika. Kinywa chake kilikuwa cha kitabu, akakifunga barabara, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na kidole chake kikabaki pale kilipo.

Kesho yake aliamka kwa sauti ya mtama ukimwagwa chini. Kuku wakakimbilia. Akangoja, akiwa bado kitandani.

"Haya, kuleni," bibi akasema ng'ambo ya ukuta. "Kibwana kawaletea."

Mwanamvua hakuuona Mwaka uliofuata. Somoe ndiye aliyemwandikia habari yake, akaitia karibu na ya mwanawe, akaishona kwa sindano ya Lali. Hakuwa na jirani tena wa kumsikia asubuhi, na siwadanganyi kwamba upweke wake uliisha. Kuku aliwachukua yeye.

Tangu Mwaka ule, wasomaji wote waliufuata mtindo wa Somoe, kwanza wa Malandi, halafu wa miji mingine, watu ambao hawakumjua hata kwa jina. Fikra haijaacha kutoka, na asiyetokwa na yake simjui. Lakini mtu huweka kidole chini ya mstari ili ikirudi ipajue walipoachana, na ikirudi huikaribisha, haifokei. Na katika miji ile marehemu asiye na jamaa huitikiwa na ukumbi mzima.

Kwa hiyo siku utakapomwona mtu amefika mwisho wa ukurasa, ameinua macho anatazama mbali, usimwite wala usimguse bega. Amekwenda kumtazama mtu wake. Angalia kidole tu, kiko palepale, ungoje kidogo.